Mama anatokwa na mtoki na mguu unavimba: ni damu chafu, ni matende, au ni nini?

"Assalaam alaykum daktari. Mama yangu ana miaka 54, ni mkulima wa mwani huku kaskazini ya Pemba. Mwaka huu ni mara ya tatu anaumwa namna moja. Anaanza kusikia baridi, anatetemeka, homa inapanda, kisha anatokwa na mtoki kwenye kinena cha kushoto na mguu wa upande huo huo unavimba, unakuwa wa moto. Baada ya siku nne au tano homa inaondoka, lakini mguu haurudi kama ulivyokuwa. Sasa kiatu cha kushoto hakimuingii. Kipimo cha malaria mara zote kimesema hana. Jirani anasema ni damu chafu imeteremkia mguuni, apigwe chuku, achanjwe avutwe damu kwa kikombe. Mwengine anasema ni matende na yamemjia kwa vile vidonge vya kugaiwa majumbani. Shangazi anasema mama kakanyaga kitu alichotegewa. Mimi nataka kujua: damu inaweza kuwa chafu? Kwa nini mtoki utoke na hana kidonda? Na huu mguu utarudi?"

Waalaykum salaam. Pole sana, na mpe pole mama. Umeuliza matatu, ila nadhani kuna la nne ulilolikwepa: unaogopa mguu wa mama usije ukawa kama ya wale wazee tuliokuwa tukiwaona barazani, mguu umefunikwa kanga mchana kutwa. Nitafika huko. Kwanza nikwambie ninavyofikiri, kwa tahadhari ya mtu ambaye mgonjwa hajamuona. Mama hana damu chafu. Unachoelezea ni vijidudu vinavyoingia kwenye ngozi ya mguu na kushambulia mishipa ya limfu (ile inayorudisha kwenye damu maji yaliyovuja mwilini), na inawezekana mishipa hiyo ilishaharibiwa zamani na minyoo ya matende. Kila shambulio likija, uvimbe unaongezeka kidogo na haurudi wote. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuyakomesha mashambulizi, na mlango wake mara nyingi uko baina ya vidole vya mguu.

Nianze na damu, maana ndiyo itakayompeleka mama kwenye wembe. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na moyo uliotulia husukuma karibu kiasi hicho hicho kwa dakika moja. Damu iliyoko kisiginoni mwa mama sasa hivi, punde tu itakuwa kifuani, itapita mapafuni kuchukua hewa safi, kisha itasukumwa tena, pengine kichwani, pengine kwenye figo. Haipati nafasi ya kuteremkia mguu mmoja ikatulia huko. Habari ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi si ya Wazungu peke yao. Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliieleza karne kadhaa kabla yao.

Taka za mwilini nazo zina pa kutokea. Figo huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku, zikarudisha karibu yote na kutoa lita moja na nusu au mbili za mkojo. Ini linavunja sumu. Bandama inaondoa chembe nyekundu zilizochakaa, ambazo umri wake ni kama siku 120. Figo zikifeli taka hujaa kwenye damu kweli, lakini hujaa mwili mzima, na dawa yake si kuchanja muundi. Vijidudu vikiingia kwenye damu nayo ni hatari ya kweli, na hiyo inataka dawa ya sindano hospitali, haraka.

Najua kinachowatia watu imani: ile damu nyeusi yenye mabonge kwenye kikombe cha chuku. Weusi wake ni kwa sababu imevutwa kutoka kwenye vijishipa vidogo na imeshatoa oksijeni yake. Mabonge ni kuganda, na damu ya mtu yeyote mzima huganda ikitoka nje. Mpige chuku kijana anayecheza mpira kila jioni, utaona hiyo hiyo.

Hapa nataka tuelewane. Hijama, yaani huku kupiga chuku, ina heshima yake katika dini yetu na mimi siingii kuibishia. Ninachokizungumzia ni huu mguu. Ngozi iliyovimba kwa limfu kinga yake ni dhaifu na hupona taratibu, na kila mchanjo wa wembe ni mlango mpya kwa vijidudu vile vile vinavyomuumiza. Niliowaona wakichanjwa mguu wa namna hii wengi walirudi na hali mbaya zaidi. Mtu anayejua kazi yake ya hijama hatapiga juu ya mguu wenye moto na uvimbe.

Sasa limfu, ambayo ndiyo kiini cha swali lako ingawa hukuitaja. Si damu yote inayobaki ndani ya mishipa. Kwenye vijishipa vyembamba kabisa, ambavyo ukuta wake ni seli moja tu, maji yenye sukari, chumvi na protini huvuja kwenda kulisha nyama za mwili. Sehemu kubwa hurudi, lakini kila siku lita tatu hivi hubaki nje. Hizo hukusanywa na mishipa ya pembeni, myembamba na isiyo na rangi, inayopanda kutoka vidoleni hadi kinenani, ikapita tumboni na kifuani, na kuimwaga limfu kwenye vena kubwa karibu na mtulinga. Njia hiyo haina moyo wa kuisukuma. Inategemea kuta zake kujibana, misuli ya mguu kukaza na kulegea, na vijilango vidogo vinavyozuia maji yasirudi chini. Ukilijua bonde la mpunga utanielewa: mfereji wa kutolea maji ukibomoka, maji hayaondoki hata mvua ikiwa ndogo, na udongo wake ukishalowa muda mrefu haufanani tena na wa mwanzo. Mguu wa mama uko hivyo. Maji yenye protini yanabaki chini ya ngozi, ngozi inakuwa nene, na vijidudu vikiingia vinastawi kwa sababu kinga haifiki upesi.

Swali lako la mtoki limenifurahisha, kwa sababu wengi huuona mtoki kuwa ndio ugonjwa. Wanaukanda kwa maji ya moto, wengine wanaupaka mafuta ya makonyo ya karafuu mpaka ngozi inababuka. Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba. Mwilini tuna tezi hizi mia kadhaa, na zilizokusanyika kinenani hupokea limfu ya mguu wa upande wao, za kwapani hupokea ya mkono, za shingoni hupokea ya koo, kinywa na kichwa. Ndiyo maana mguu wa kushoto ukishambuliwa, mtoki haukosei njia ukatokea kulia.

Kinachofanyika ni hiki. Kijidudu kimepenya kwenye ngozi. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za damu za kundi la kwanza zinafika, na mishipa ya hapo inatanuka ili zipite nyingi. Hapo ndipo unapopata moto, maumivu na uvimbe. (Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu wa kwenye vitabu. Gusa kwa mgongo wa kiganja ulinganishe na mguu wa pili, au tazama ngozi iliyong'aa na kukolea rangi.) Vipande vya vijidudu vinachukuliwa na limfu hadi kinenani. Mle ndani ya tezi zimo chembe nyeupe za kundi jengine, kila moja ikiwa na umbo lake la kutambua adui wa aina moja. Ile inayomtambua huyu aliyekuja inagawanyika, mbili zinakuwa nne, nne nane, kwa siku kadhaa, mpaka tezi inajaa na kuuma. Wakati huo huo ubongo unapata taarifa na kupandisha kiwango cha joto la mwili. Mama anasikia baridi na kutetemeka kwa sababu misuli inafanya kazi ya kulifikia joto hilo jipya. Ndiyo maana homa hii inafanana na malaria mpaka kila mtu anakimbilia kipimo cha malaria. Mlifanya vyema kupima. Kilichokosekana ni mtu wa kumvua mama kiatu na kumtazama vidole.

Unasema hana kidonda. Fanya hivi leo jioni: mkalishe mahala penye mwanga, osha mguu, kisha vifungue vidole kimoja kimoja, hasa kile kidogo na jirani yake. Nakisia utakuta ngozi nyeupe iliyolowana, yenye harufu, imepasuka mstari mwembamba usiouma. Hiyo ni fangasi, na mpasuko huo unatosha kabisa. Tazama na kisigino kama kina magaga yaliyochanika. Mama wa mwani huingia baharini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, anakaa saa nyingi majini, ngozi inalainika, halafu anakanyaga mawe, miba na vigingi. Anatoka, anafunga mafungu yake, anarudi nyumbani miguu bado mibichi. Sisemi mwani ndio uliomletea ugonjwa, lakini unafungua milango.

Sasa matende, na hapa jirani yako wa pili kapatia nusu. Matende yanaletwa na minyoo myembamba, kitaalamu Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu. Kwetu visiwani msambazaji mkubwa ni yule mbu wa usiku anayezaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo. Mbu mmoja hakupi matende. Inachukua kuumwa mara nyingi kwa miezi na miaka. Minyoo mikubwa huishi ndani ya mishipa ya limfu, kwa kawaida miaka mitano au zaidi, ikiitanua mpaka vile vijilango havifungi tena. Watoto wao huingia kwenye damu usiku, hasa kuanzia saa nne za usiku hadi saa nane, muda ambao mbu huyo anauma. Kwa wanaume mara nyingi ugonjwa hutokea kwa busha badala ya mguu. Na miaka mingi hupita kabla ya dalili, kwa hiyo uvimbe wa leo unaweza kuwa ni wa mbu wa wakati mama akiwa msichana. Hakuna alichokanyaga. Shangazi umjibu kwa adabu, lakini asimcheleweshe mama kwenda hospitali.

Ile nusu aliyokosea jirani ni vidonge. Visiwa vyetu vilianza kugawa ivermektini na albendazoli kwa watu wote mwaka 2001. Ugawaji ulisitishwa mwaka 2006, baadaye uchunguzi ukaonyesha maambukizi hayajakatika, dawa zikarudishwa. Vidonge hivi vinaua watoto wa minyoo walioko kwenye damu, ili mbu asipate cha kumpelekea mtu mwengine. Mtu mwenye minyoo mingi akivimeza, anaweza kupata homa, kichwa na uchovu kwa siku moja mbili, kwa sababu kinga yake inapambana na minyoo inayokufa kwa pamoja. Anayeugua hivyo, minyoo alikuwa nayo kabla. Kidonge hakipandi mnyoo. Lakini niseme na ukweli wa upande wa pili, ambao wagawaji wakati mwengine hawausemi: vidonge hivyo havitaupunguza mguu uliokwisha kuvimba. Watu walitarajia vipunguze, havikupunguza, wakaanza kuvidharau.

Kwa kisa cha mbu, wazee wa Makunduchi, kusini ya Unguja, watakumbuka jambo lililofanyika kwao miaka ya mwisho ya 1980: vyoo vya shimo vilimwagiwa chenga nyepesi za plastiki, zile zile za kwenye maboksi ya vyombo vya umeme, zikaelea juu ya maji na mbu akakosa pa kutagia, huku watu wakipewa dawa. Maambukizi yalishuka sana. Kama choo chenu kina maji na mbu wanatoka humo, kifunikeni, na kila mtu alale ndani ya chandarua.

Turudi kwa mama. Mguu ukivimba tena na homa, apumzike, aunyanyue, aweke kitambaa cha maji ya kawaida, anywe maji kwa wingi, apewe parasitamoli, na siku hiyo hiyo au kesho yake afike kituo cha afya. Akiandikiwa antibayotiki, amalize dozi hata kama homa imeondoka siku ya pili. Wakati wa shambulio usiukande, usiuchue, usimfanyishe mazoezi, na usiufunge bandeji ya kubana.

Shambulio likishapita ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ni ya kila siku. Maji safi ya kawaida na sabuni ya kipande, hakuna haja ya sabuni ya bei. Aoshe kuanzia gotini kushuka, polepole, kila mkunjo na kila nafasi ya kidole, mpaka maji ya kusuuzia yatoke meupe. Kisha akaushe. Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu: kuosha bila ya kukausha baina ya vidole ni kuilisha fangasi. Achukue kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, akipitishe kila baina ya kidole na kidole akigusia bila ya kusugua. Penye weupe na mpasuko apake dawa ya fangasi, ile krimu ya kawaida ya duka la dawa, na aendelee wiki mbili hivi hata pakionekana pamepona. Usiku anyanyue mguu, kwa kuweka kitu chini ya godoro upande wa miguuni. Mchana, akikaa, azungushe kifundo na anyanyuke kwa ncha za vidole mara kadhaa, kwa sababu misuli ndiyo pampu ya limfu.

Je, aache mwani? Ningependa apumzike mpaka mipasuko yote izibe, na hilo ni bamvua moja au mbili. Lakini siwezi kumwambia mwanamke aache kinachompa pesa yake mwenyewe halafu nikajiona nimetibu. Akirudi, avae viatu vya mpira vinavyomkaa vizuri, na akitoka baharini aoshe kwa maji baridi ya kisima na kukausha pale pale kabla ya kufunga mizigo. Viatu vinavyoingia mchanga na kumsugua ni bora asivae.

Mguu utarudi? Bonyeza muundi kwa kidole gumba uhesabu mpaka kumi. Kama panabaki shimo, na asubuhi mguu huwa umepungua kuliko jioni, bado tuko mapema na matumaini ni makubwa. Nimeona miguu ya namna hiyo ikipungua sana kwa sabuni na kukausha tu. Ngozi ikishakuwa ngumu na mikunjo isiyoondoka, umbo la zamani halirudi, lakini mashambulizi bado yanaweza kupungua sana, na mtu anayeugua homa mara moja kwa mwaka badala ya kila baada ya miezi michache ana maisha mengine kabisa. Na mumtoe hofu ya kutengwa: kumshika, kula naye na kufua nguo zake hakuambukizi.

Pamoja na yote hayo, mpeleke aonekane hata kama sasa hana homa. Chake Chake, Wete au Mkoani, popote palipo karibu nanyi. Waombe wapime matende (kuna kipimo cha tone la kidole kinachofanyika mchana, hakisubiri usiku), sukari, mkojo na presha. Sukari ni muhimu, kwani kisukari kisichojulikana hufanya maambukizi ya mguu yarudi kila mara. Wamtazame na moyo na figo, ingawa hizo kwa kawaida huvimbisha miguu yote miwili. Mtoki nao, ukibaki wiki kadhaa bila ya homa, ukiwa mgumu, hauumi na unakua, au ukiambatana na kukonda na jasho la usiku, daktari aufuatilie. Huo si wa vidole.

Na kuna hali ambazo hazingoji kituo cha jirani wala boti ya kesho. Mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu la mguu kuuma bila ya baridi wala mtetemo, hasa baada ya kulala kitandani siku nyingi au baada ya safari ndefu, huenda ni damu iliyoganda kwenye vena, na bonge likikatika hupanda mapafuni. Akikosa pumzi au kifua kikimbana ghafla, nendeni saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo akianza kusema maneno yasiyoeleweka akiwa na homa, ngozi ya mguu ikitoa malengelenge au kuwa nyeusi, au maumivu yakizidi mno kuliko uvimbe unaouona. Hapo mtafutie gari usiku huo huo, na mkifika mwambie daktari tarehe za mashambulizi yote matatu na dawa alizokunywa.